Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: magofu ya Tanga, sisi tusio na digrii, na wenye funguo

Haya ndio maswali tunayoulizwa sana, mengine hapa mjini Tanga, mengine vijijini huko njia ya Pangani, mengine yanaingia kwenye simu usiku. Nimeyajibu vile tunavyojibu tukikaa barazani, kwa hiyo jibu moja ni refu jingine ni mistari miwili, inategemea na swali lenyewe.

Nyie ni kina nani, mna ofisi?

Hatuna ofisi wala muhuri. Ni watu wa Tanga tunaopenda mambo ya kale, kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna fundi umeme, kuna wavuvi wa Kigombe, kuna dada wa duka la dawa, na hakuna hata mmoja aliyesomea akiolojia chuoni. Tunatembea kwenye magofu na mashamba ya jirani yake, tunaangalia, tunapiga picha, tunaandika, tunawauliza wazee. Hatuchimbi, hatuuzi, hatununui.

Kwa nini hamchimbi na mnajua kabisa chini kuna vitu?

Hili ndio swali namba moja. Nenda kwenye magofu ya Tongoni, njia ya Pangani, maji yakiwa yametoka, shuka upande wa mikoko, angalia pale bahari ilipokula ukingo. Ardhi imekatwa wima na ukitulia unaanza kuona mistari: mchanga, halafu utepe mweusi wa majivu na mkaa, halafu magamba ya chaza yamelaliana, halafu udongo umechanganyika na chokaa iliyomomonyoka. Sasa chukulia ndani ya ule utepe mweusi kuna kipande cha bakuli la Kichina, yale ya kijani kilichopauka yenye kung'aa, na pembeni yake kidogo tu kuna mdomo wa chungu cha kwetu bado una masizi. Vile viwili vikiwa pale pale vilipo vinasema mambo mengi mno. Bakuli linajulikana ni la karne gani, kwa hiyo na chungu kinapata umri, mkaa unaenda kupimwa maabara, magamba yanasema watu walikula nini. Ukichomoa kile kipande cha bakuli ukatia mfukoni umebaki na kipande cha bakuli, basi. Chungu kimepoteza umri wake, mkaa hauna tena cha kushuhudia, na hakuna profesa duniani atakayeweza kuurudisha ule mpangilio. Mchimbaji mwenye leseni naye anaharibu, tusidanganyane, ila yeye anaharibu huku anaandika kila tabaka, anachora, anachekecha mchanga, kwa hiyo ardhi inahamia kwenye karatasi. Sisi hatuna uwezo huo, ndio maana tunaishia juu.

Nikiokota kigae (kipande cha chungu au bakuli la kale) kilicholala juu tu, nacho kina shida?

Kina shida. Vigae vya juu ndio vinavyomwonyesha mtaalamu mji ulienea mpaka wapi, na kila mgeni akiondoka na kimoja cha ukumbusho baada ya miaka ishirini pale hapana kitu. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni yake ili ukubwa uonekane, piga picha, kirudishe kilipokuwa na upande uleule uliokuwa juu.

Sheria inasemaje hasa?

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964 na ilirekebishwa 1979. Kiini chake ni mwaka 1863: jengo, kaburi, kisima, jalala la kale, chombo, chochote kilichofanywa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka huo kinalindwa hata kama hakuna bango wala uzio. Milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940 nazo zimo, kwa hiyo wale wanaozunguka Pangani na Bagamoyo wakiwashawishi wazee wauze mlango wa nyumba ya marehemu baba yao wajue wanachezea nini. Kuchimba kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni, na aliyekuta kitu bila kutafuta anatakiwa atoe taarifa. Watu wengi wanafikiri shamba likiwa lako basi na kilicho chini ni chako. Hapana.

Mbona mzungu akija anapewa kibali, sisi wenyeji tunafukuzwa na mlinzi?

Swali hili lina uchungu na uchungu wenyewe una historia. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wale wakubwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu wetu mpaka bandarini, na leo imesimama Berlin. Hapa Tongoni kulikuwa na kaburi lenye kigae cha kung'arishwa chenye maandishi ya Kiajemi, wageni wa karne ya 19 wamekiandika, lakini kaburini hakipo tena. Na ukizunguka kwenye ile minara ya makaburi, iwe Tongoni iwe Kaole kule Bagamoyo, utaona matundu ya duara kwenye chokaa. Ingiza kidole utakuta ukingo laini kabisa na alama ya kitako cha bakuli imebaki kwenye chokaa, maana fundi alilibandika chokaa ikiwa bado mbichi. Bakuli lenyewe limeng'olewa, mengine wameyavunja wakitaka kuyatoa mazima. Kwa hiyo mzee wa kijiji akimwona mtu ana kofia na kamera anazunguka makaburini na akamkunjia uso, mimi simlaumu hata kidogo.

Lakini tuseme na upande wa pili. Leseni haitolewi kwa rangi. Sheria inataka mwombaji awe na ujuzi kwa mafunzo na uzoefu, awe na taasisi inayoeleweka nyuma yake, awe na watu na pesa za kumaliza kazi. Mgeni anapita COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwanza kuomba kibali cha utafiti. Msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye anafuata taratibu zake, na pale akiolojia inafundishwa tangu 1985, kwa hiyo ile habari kwamba ni kazi ya wazungu imeshapitwa siku nyingi, vijana wetu wanachimba na wanaandika.

Tatizo ninaloliona mimi liko pengine. Njia yote imetengenezwa kwa mtu mwenye chuo nyuma yake. Mvuvi anayejua kila kisima cha kale kati ya Tongoni na Kigombe, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa anafyeka makaburi kabla ya kuwa na idara yoyote, huyo hana mlango wake. Akionekana na daftari anawekwa fungu moja na mtu mwenye sururu. Mwenzetu mmoja alishanyang'anywa simu na kufutiwa picha kwenye gofu moja la pwani, picha za ufa kwenye ukuta ambao alitaka kwenda kuuripoti, na hakuna aliyemuuliza picha ni za nini. Hilo ndilo linalotuuma.

Mtu asiye na digrii anaweza kugundua nini cha maana?

Anaweza kugundua makubwa, na mifano iko hapa hapa Afrika Mashariki. Mary Leakey hakuwa na digrii ya chuo, na ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai 1959 na ndiye aliyeongoza kazi ya zile nyayo za Laetoli zilizofukuliwa 1978, za miaka zaidi ya milioni 3.5. Kamoya Kimeu wa Kenya alikuwa na elimu ya shule ya msingi tu. Mwaka 1984 magharibi ya Ziwa Turkana, siku ambayo wenzake walikuwa wanapumzika, aliona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti, rangi yake na ya kokoto zinafanana kabisa, na kile kipande kikaleta mifupa karibu yote ya mtoto wa kiume wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Ukitaka kujua jicho ni nini, ni lile.

Ulaya nako yapo. Mhispania mmoja mwenye mali zake, Marcelino Sanz de Sautuola, 1879 aliingia na bintiye mdogo kwenye pango la Altamira na mtoto ndiye aliyeinua macho akaona ng'ombe wa porini wamechorwa kwenye dari. Wataalamu wakamkatalia, wakasema ni michoro ya juzi, wengine wakamwita mwongo. Alikufa 1888 akiwa bado anashukiwa. Mkubwa mmoja wa wale waliompinga, Émile Cartailhac, alikuja kuomba radhi kwa maandishi 1902, miaka 14 mwenye haki yake yuko kaburini. Mimi nikisoma habari hii nafikiria watu wangapi wa pwani hii waliokwenda ofisini na habari ya kweli wakaambiwa waache kupoteza muda wa watu.

Na kuna Basil Brown wa Uingereza, aliacha shule mtoto akajifundisha mwenyewe, 1939 aliajiriwa na mwenye shamba kuchimba kilima Sutton Hoo. Alipokutana na misumari ya chuma imepangana kwenye mstari hakuichomoa. Aliiacha pale pale, akawa anatoa mchanga taratibu pembeni yake, mpaka umbo la meli nzima ya mita 27 likajitokeza mchangani ingawa mbao zilishaoza zamani. Wasomi walipofika wakachukua uongozi, yeye akaendelea chini yao. Angalieni alichofanya lakini: aliona msumari akauacha. Ile ndio tofauti ya mpenzi wa malikale na mtafuta mali, vyeti vinakuja baadaye.

Na wale walioharibu?

Wapo, na wapo maarufu. Heinrich Schliemann, mfanyabiashara Mjerumani, kuanzia miaka ya 1870 alichimba kilima cha Hisarlik huko Uturuki akitafuta mji wa Troya, akakata mtaro mkubwa katikati ya kilima akapita juu kwa juu kwenye matabaka. Dhahabu aliyoipata akaiita ya mfalme Priam, kumbe ni ya miaka kama elfu moja kabla ya wakati anaoutafuta, na kwenye ule mtaro alishabomoa sehemu ya mji wenyewe aliokuja kuutafuta. Halafu akaitorosha ile dhahabu nje ya nchi. Ofisa wa Malikale, idara ya serikali ya mambo ya kale, akiwa mkali kwetu nakumbuka huyu, na ukali ule naona una maana.

Hivi mali ya Mjerumani, ile wanayosema ilifukiwa, ipo kweli?

Jamani. Kila wiki tunaulizwa hili, na linatuumiza kuliko yote kwa sababu limeshaharibu sehemu nyingi.

Kweli ni hii: vita ya 1914 mpaka 1918 ilipita hapa, Tanga penyewe walipigana Novemba 1914, na Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari walitengeneza pesa zao humu humu ndani, ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo ilipigwa Tabora 1916. Kwa hiyo dhahabu ilikuwepo. Lakini kutoka hapo mpaka kuamini kwamba kila mbuyu wenye alama na kila jiwe lenye saruji limefunika masanduku ni safari ndefu sana, na wanaoiuza hiyo safari ni watu wanaokodisha mashine, wanaouza ramani zilizochorwa wiki iliyopita na kuzeeshwa kwa chai, na waganga wanaotaka mbuzi mweusi. Watu wameuza viwanja. Wanaingia kwenye mashimo marefu yasiyo na mhimili wowote usiku, udongo wa pwani ni wa mchanga, ukiporomoka haukupi nafasi ya kupiga kelele. Hata Kolo kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia 2006, watu wamechimba karibu na michoro wakitafuta Mjerumani.

Na wanaochimba makaburi ya kale ndio siwaelewi kabisa. Makaburi ya Tongoni ni ya Waislamu. Maiti wa Kiislamu anazikwa na sanda, hazikwi na dhahabu, hazikwi na upanga, hazikwi na kitu chochote. Hili kila mtu wa Tanga analijua, ameshahudhuria mazishi mangapi, lakini akiambiwa na mtu wa mbali kwamba chini ya mnara kuna sanduku anabeba jembe. Utapata mifupa ya mzee wa watu, na umemkosea.

Nina detekta (mashine ya kutafuta madini ya chuma na dhahabu ardhini), nawasaidia nini?

Iache nyumbani. Najua utaniambia Uingereza wanaruhusiwa, na ni kweli, wana sheria ya hazina ya 1996 na mpango wa 1997 ambapo raia anapeleka alichokuta kwa ofisa wa eneo lake, kinapigwa picha, kinaandikwa, kikiwa hazina analipwa. Ile hazina ya Staffordshire ya 2009, vitu vya kivita vya kale vya dhahabu na madini ya fedha, ilikutwa na mtu wa detekta. Lakini kule kuna maofisa mikoani ambao kazi yao ni kumpokea huyo raia, na kuna pesa ya kumlipa. Hapa ukiruhusu mashine kabla ya kuwa na mtu wa kupokea umeruhusu wizi tu. Wakianza na mapokezi, hilo la mashine tutazungumza baadaye.

Nimekuta kitu nachimba msingi wa nyumba (au kisima, au choo). Nifanyeje?

Simama hapo hapo. Usikioshe, usikisugue na mchanga, usipake mafuta kiangaze, sarafu nyingi za kale za pwani ni za shaba na ukisugua unaondoa maandishi yenyewe. Piga picha kikiwa bado kwenye udongo, halafu picha ya shimo zima, halafu picha ya mbali inayoonyesha mti au nyumba ili sehemu ijulikane. Chukua namba za ramani kwenye simu yako uziandike kwenye daftari pia, simu inaibiwa. Andika kina, hata kwa shubiri au pima ya mkono. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na kutoka pale ofisi ya mkuu wa wilaya, afisa utamaduni, watu wa Malikale au makumbusho. Peleka barua, usiende na mdomo mtupu. Toa kopi, wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako, ubaki nayo.

Kwa nini nasisitiza mahali? Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia alikuwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yao akaokota sarafu kadhaa mchangani. Akazitia kwenye kopo miaka na miaka. Alipokuja kuzipeleka zikaangaliwe, tano zilikuwa za shaba za Kilwa. Kilwa yetu! Zilifikaje Australia mpaka leo watu wanabishana. Lakini yule askari alifanya jambo moja la akili, aliweka alama ya X kwenye ramani, na ile X ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi 2013 wakatafute tena. Bila X ile sarafu zingekuwa hadithi ya kopo.

Niliripoti, sikujibiwa. Mbona nihangaike tena?

Hapa sina jibu la kukufurahisha. Imetutokea na sisi, barua imepokelewa, muhuri umegongwa, kimya. Mzee mmoja alipeleka picha za kisima chenye kuta za matumbawe kilichofunuliwa na trekta, akaambiwa wataalamu watakuja, msimu wa mvua ukapita na mwingine ukapita, mwenye shamba akafukia maana ng'ombe wanaangukia. Sasa mzee yule ukimwambia aripoti kingine atakutazama tu.

Ninachojua ni kwamba watu wa Malikale ni wachache, nchi ni kubwa, na bajeti inaenda kwenye maeneo yenye watalii. Sehemu nyingine zimekabidhiwa kwa taasisi nyingine za wizara, Kaole wako watu wa misitu, TFS, mapango ya Amboni wako watu wa Ngorongoro, kwa hiyo hata kujua umwandikie nani siku hizi ni kazi. Ila kujibu barua hakuhitaji gari wala dizeli. Mistari miwili tu, tumepokea, tumeiandika kwenye daftari, hatuwezi kuja mwaka huu, mwambie mwenye shamba aweke mabanzi juu asifukie. Kisima kingekuwepo mpaka leo.

Wazee wanaenda kuomba dua makaburini, walinzi wanawazuia. Nyie mko upande gani?

Kwa wazee, ila kwa mazungumzo. Kaole kuna kaburi la Sharifa ambalo watu wanaliendea kuomba tangu enzi, Tongoni wapo wanaofanya hivyo hivyo, na Kondoa pale Mungomi wa Kolo wazee wanafanya matambiko yao kwenye pango lenye michoro. Mhifadhi anaogopa moshi, mafuta, pombe inayorushwa ukutani, na hofu yake ni ya kweli, rangi ikitoka haitarudi. Lakini watu hawa ndio waliotunza hizo sehemu zisilimwe, watoto waliambiwa usikate mti pale, usiende na viatu. Ukimfukuza mzee umefukuza mlinzi ambaye halipwi mshahara. Wakae wapange, ubani uchomwe hapa si pale, siku fulani geti liwe wazi. Haya yanazungumzika kabisa watu wakipeana shikamoo na kusikilizana.

Kiingilio je? Tulipe kuona babu zetu?

Mimi nalipa bila kinyongo, pesa ya kufyeka na kumlipa mlinzi lazima itoke mahali. Ila watu wa kijiji chenyewe na watoto wa shule za jirani waingie bure.

Watu wanachukua mawe ya magofu kujengea, hilo mnalisemaje?

Tunalisema kila mahali. Matumbawe ya ukuta wa kale ni mawe yaliyokwisha kuchongwa, mtu anayajua yalipo, anaenda na toroli. Ukimkuta usimpigie kelele, mara nyingi hajui ni nini, muonyeshe plasta ya chokaa, muonyeshe kibla, atashtuka mwenyewe. Lakini na wakubwa nao nina neno nao. Kuna kuta za kale za pwani zimezibwa nyufa kwa saruji, na saruji na chokaa haviendani, saruji ni ngumu na haipumui, unyevu na chumvi ya bahari vinabaki ndani ya ukuta vinakula matumbawe, baada ya miaka kile kiraka cha saruji kimebaki kimesimama na jiwe la kale limemomonyoka pembeni yake. Mafundi wetu wa chokaa, wanaojua kuichoma na kuilaza muda mrefu kabla ya kuitumia, bado wapo. Hawaitwi kwa sababu hawana kampuni yenye leseni ya ukandarasi. Ni mlango uleule uliofungwa.

Wataalamu wenyewe hawakubaliani nani alijenga miji hii ya kale ya pwani, kwa nini tuwasikilize?

Tuwasikilize kwa sababu wanabishana kwa ushahidi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kaole 1958, na wasomi wengi wa zama zile waliiona pwani kama kazi ya Waajemi na Waarabu waliohamia, macho yao yalikuwa kwenye mabakuli ya nje na maandishi. Baadaye wakaja wengine, akiwemo Profesa Felix Chami wa Dar es Salaam, wakaangalia vigae vya vyungu vya kwetu, vile vyenye pembetatu za mistari iliyochorwa udongo ukiwa mbichi, vikaonyesha watu wa hapa walikuwa wanaishi na kufanya biashara pwani hii tangu milenia ya kwanza, kabla ya misikiti ya mawe. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa kwenye miji ya kale ya Waswahili, Kenya na Tanzania, ukakuta wengi wao mama zao ni Waafrika na upande wa baba kuna Waajemi, wakichanganyika kuanzia kama mwaka 1000. Ile hadithi ya Washirazi, watu waliosemwa walitoka Uajemi, ambayo bibi zetu walikuwa wanaisimulia na wasomi wakaipuuza, nayo ikawa na kweli ndani yake.

Angalia lakini kilichobadilisha mambo, ni kigae cha chungu cha kupikia ambacho zamani hakuna aliyekijali. Mama wa Tongoni akikionyeshwa anakwambia hiki ni cha kukaangia, hiki ni cha maji, angalia masizi yalipoishia. Hiyo nayo ni elimu na haijaandikwa bado.

Mnatafuta meli ya Vasco da Gama?

Hapana. Meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye mwamba huku Mtangata Aprili 1498 na watu wa hapa wakatoka na mitumbwi wakawapelekea machungwa, waliandika wenyewe kwamba ni mazuri kuliko ya Ureno. Wakati wa kurudi 1499 mabaharia wamepungua kwa maradhi, wakaichoma moto wao wenyewe. Wavuvi wakikuta kitu kwenye wavu au wakipiga mbizi wasikitoe majini, mbao na chuma kilichokaa chumvini miaka mingi kikikauka juani kinapasuka.

Mkienda mahali mnapost eneo lilipo?

Sehemu zenye mlinzi kama Tongoni, ndiyo. Zisizo na mlinzi hatusemi, na picha tunazitoa namba za ramani kabla ya kuzituma kwa mtu. Eneo kamili tunampa mwenyekiti wa kijiji na ofisi.

Sasa mnataka nini hasa kwa serikali?

Kila wilaya ya pwani iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na namba ya simu ambaye raia akikuta kitu anampigia. Kila taarifa ipewe namba na ijibiwe. Mtu anayetaka kutembea na daftari na kamera bila kugusa ardhi apewe kitambulisho cha kujitolea, chenye masharti, na akikiuka anyang'anywe. Watafiti wakimaliza kuchimba warudi kijijini waseme walichokuta, kwa Kiswahili, na picha. Tongoni ina makaburi zaidi ya 40, hakuna mahali pengine kwenye pwani hii yetu yalipokusanyika makaburi ya minara mengi namna ile, na bahari inakuja, kwa hiyo picha za kila mwaka za ukingo ule zinahitajika na sisi tuko pale bure.

Nawezaje kwenda nanyi?

Njoo na kofia, maji ya kunywa, daftari na kalamu ya risasi maana ya wino inafutika na jasho. Tunaenda maji yakitoka, kwa hiyo saa inabadilika kila mara, uliza siku moja kabla. Tukifika tunaanza kwa mwenyekiti wa kijiji kusalimia na kuandika majina kwenye kitabu chake, halafu kwa mlinzi, halafu ndio tunaingia. Jembe, sururu na mashine vibaki nyumbani.